Mwalimu wa uwanja mdogo au chuo kikubwa cha urubani? Nimepita kote kuwili

Kila nikitaja kwamba narusha ndege, swali linalofuata ni lile lile: mtu aanzie wapi, ajiunge na chuo au atafute mwalimu kwenye uwanja mdogo wa karibu? Jibu ninalo. Leseni ya kwanza, ile ya rubani binafsi, kaisomee kwa mwalimu wa uwanja mdogo. Leseni ya biashara na mafunzo ya kuruka kwa vyombo, yaani kuongoza ndege kwa kusoma vipimo vya ndani bila kuona nje, kasomee chuoni, tena kwa masharti nitakayoyataja. Huduma zote mbili nimezilipia kutoka mfukoni mwangu, wala hakuna aliyenipa punguzo ili niandike haya.

Niseme kwanza lile ambalo vipeperushi hulipita haraka. Leseni ni moja. Mtahini anayepanda nawe siku ya mtihani hana fomu mbili, moja ya waliovaa sare na nyingine ya waliokuja na fulana. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, limeweka viwango vya chini, na nchi hujenga sheria zake juu ya viwango hivyo. Rubani binafsi anatakiwa awe na saa 40 za kuruka, au 35 kama amesoma kozi iliyoidhinishwa. Ndani ya hizo kuna saa 10 za kuruka peke yake, pamoja na safari moja ya angalau kilomita 270 akitua kwenye viwanja viwili tofauti. Kwa leseni ya biashara ni saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Ulaya wao wamepandisha ile ya kwanza hadi 45. Marekani wana njia mbili zinazoitwa kwa namba za sheria: Sehemu ya 61, ambayo mwalimu yeyote mwenye kibali anaweza kuifuata, na Sehemu ya 141, ya shule zenye mtaala uliopitishwa. Leseni ya kwanza ni saa 40 kwa 35, na ya biashara ni 250 kwa 190.

Chuo kinapata neno la kuuzia hapo: kwetu utamaliza kwa saa chache. Kwenye karatasi ni kweli. Huko angani, wanaomaliza leseni ya kwanza kwa saa 35 ni wa kutafuta kwa tochi. Saa 50, 60, hata 70 ni jambo la kawaida, na halina uhusiano na akili ya mtu. Linatokana na hali ya hewa, ndege kuwa gereji, na pengo kati ya somo na somo. Kwa hiyo ukiona bei imepigwa kwa saa 35 kamili, ujue bei hiyo ni ya mwanafunzi ambaye hajazaliwa bado.

Wale wanaolenga ndege za abiria Marekani wana hesabu nyingine tena. Tangu 2013, hata rubani msaidizi wa shirika la ndege anatakiwa kwa kawaida awe na saa 1,500. Waliosoma shahada ya urubani kwenye vyuo vilivyokubaliwa, na waliotoka jeshini, wamepunguziwa. Sheria hiyo ilitokana na ajali ya ndege ya Colgan Air namba 3407, iliyoanguka karibu na Buffalo Februari 2009 na kuua watu 50. Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshavuka saa 1,500, ndiyo maana mjadala wa sheria hiyo haujaisha hadi leo, lakini sheria ipo. Basi zile saa 60 ulizookoa kwa njia ya chuo utazitafuta tena, moja moja, hadi utimize. Kuzifanya suala la maisha na kifo siku ya kujiandikisha ni kujisumbua.

Sasa nije kwa mwalimu wangu wa kwanza. Alikuwa mtu mzima aliyestaafu kurusha ndege za kazi akabaki kufundisha siku ambazo mwili ulimruhusu. Pale uwanjani kila mtu alimwita Mzee, nami nikafuata. Yeye aliniita binti. Ofisi yake ilikuwa meza moja kwenye kona ya banda la ndege, na ubao mweupe ambao kalamu zake zilikuwa zimekauka zote isipokuwa ya kijani.

Ndege yenyewe ilikuwa Cessna 152, ya viti viwili, injini ya Lycoming yenye nguvu za farasi 110. Cessna waliacha kuzitengeneza 1985, hivyo hata iliyo changa kabisa kati ya hizo ina umri wa mtu mwenye watoto wa shule. Watu wa nje huiona wakashtuka. Mimi nawaambia umri wa ndege hautishi kama matengenezo yake yameandikwa, na ndiyo maana siku ya kwanza kabisa niliomba kuona kitabu cha matengenezo. Mzee hakununa. Alikitoa kabatini, akanionyesha ukaguzi wa mwisho, saini ya fundi, na vipuri vilivyobadilishwa. Hiyo ni sifa ya kwanza ninayompa.

Ukaguzi wake kabla ya kuruka ndio ulionifanya nimpende. Kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto la ndege ile kuna tundu dogo. Bawa linapokaribia kuacha kubeba, hewa hufyonzwa kwenye tundu hilo na king'ora cha onyo hulia. Ukiwa chini huwezi kukijaribu kwa mwendo, kwa hiyo Mzee alitoa leso safi mfukoni, akaiweka juu ya tundu, akainama akafyonza kwa mdomo. Mlio mwembamba ukatoka. Akajinyoosha, akanipa leso.

"Haya, binti, zamu yako. Igeuze upande wa pili."

Nilidhani ananitania, hadi nilipokuta maelekezo hayo hayo, leso na yote, kwenye kitabu cha mtengenezaji.

Halafu mafuta. Petroli ya ndege ya aina hii hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na nyingine. Mzee alikinga kidogo kutoka chini ya tangi kwenye kikombe kinachoangaza, akakiinua kwenye jua, akaniuliza naona nini. Nikasema buluu. Akaniuliza, na chini je? Chini kulikuwa na tone lisilo na rangi, linatembea peke yake kila kikombe kilipoinama. Maji. Ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tangi, na injini hunyonya kutoka chini. Tukakinga na kumwaga hadi ikabaki buluu tupu, na hapo hakuongeza neno lolote. Tangu siku hiyo sijawahi kumwachia mtu mwingine kazi ile.

Ndege ya viti viwili inafundisha pia hesabu ya uzito bila huruma. Watu wazima wawili wenye miili yao na matangi yaliyojaa, mara nyingi mmeshapita kiwango. Kila somo lilianza na karatasi: wewe kilo ngapi leo, mimi kilo ngapi, tunabaki na lita ngapi za kubeba, zinatupeleka wapi na kuturudisha na akiba. Nilipofika chuoni niliwakuta wenzangu wanajaza namba kwenye programu ya tableti, programu inatoa alama ya kijani, wanaondoka. Waulize kwa nini ni kijani, wanatazamana.

Angani Mzee alikuwa na kipande cha karatasi chenye gundi. Mara tu nilipoanza kuzoea kuzunguka uwanja, kupaa, kukata kona, kurudi sambamba na njia ya kurukia, kukata tena na kutua, alibandika karatasi hiyo juu ya kipimo cha mwendo. Tazama pua iko wapi dhidi ya upeo, alisema, na sikiliza. Kweli, ndege ikipunguza mwendo sauti ya hewa hubadilika, na usukani huwa mlegevu mkononi. Karabureta nayo alinifundisha kwa mtindo huo huo: unyevu hewani unaweza kugandisha barafu ndani yake hata siku ya joto, injini ikaanza kupungua nguvu taratibu bila kelele, na dawa yake ni kuvuta kitasa cha hewa moto kabla hujachelewa. Mambo haya yote yamo vitabuni. Tofauti ni kuyapata kutoka kwa mtu mmoja ambaye somo baada ya somo anakumbuka uliponasia mara ya mwisho.

Ubaya wa huduma ile nao nausema wote. Ndege ilikuwa moja. Inayotumika kufundishia kwa malipo hufanyiwa ukaguzi kila baada ya saa 100, na fundi akikuta kipuri kinahitajika, mnasubiri kipuri. Mzee akiugua, shule imefungwa. Upepo ukivuma siku pekee uliyopewa ruhusa kazini, basi, hadi tena. Kuna kipindi pengo lilikuwa refu kiasi kwamba somo zima lilikwenda kufufua lililokufa, na saa ile nililipa bei ile ile. Nadharia ilikuwa juu yangu. Mzee alieleza vizuri kile kilichomgusa, lakini sheria za anga na hali ya hewa nilizisoma peke yangu usiku. Mtaala haukuwepo kwenye karatasi, ulikuwa kichwani mwake. Nilimwomba tuuandike, tukauandika, na nashauri yeyote afanye hivyo somo la kwanza: orodha ya masomo, sahihi yake na yako mbele ya kila moja. Siku mwalimu akiondoka, karatasi ile ndiyo itakayozungumza kwa niaba yako.

Na uwanja ule haukuwa na mnara. Unajitangaza kwenye redio, uko wapi na unakusudia nini, ukitumaini kama kuna mwingine hewani naye atasema. Ni shule nzuri ya kutazama nje. Ila siku unapopelekwa kwenye uwanja wenye waongozaji wanaosema haraka, ulimi unagoma. Mwalimu mzuri wa uwanja mdogo hukupeleka huko mapema. Wangu alichelewesha kwa sababu hakuwapenda.

Kwa mchanganyiko huo, nampa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyopungua ni ya ratiba, wala si ya ufundishaji.

Chuo sitakitaja jina, na haina haja, kwa sababu nilichokiona pale nimekisikia kwa waliosoma kwingine. Unapokelewa ukumbi wenye vioo, mfano wa ndege unaning'inia darini, na mtu wa masoko anayekuita "Kapteni mtarajiwa" kabla hajakuuliza kama unaona vizuri. Mashati meupe, mikanda ya mabegani. Nakiri sare ilinikaa.

Ndege zilikuwa Diamond DA40, nyingi, nyeupe, zimepangwa kwa mstari. Hizi za kisasa zina injini ya dizeli inayotumia mafuta yale yale ya ndege za jeti, mkono mmoja tu wa nguvu, na vioo viwili vikubwa vya Garmin G1000, yaani skrini, vinavyokuonyesha kila kitu, hata mshale wa upepo. Hakuna karabureta, kwa hiyo hakuna barafu ya karabureta. Ni ndege tamu. Hatari yake ni kwamba macho huganda kwenye vioo. Mkufunzi mmoja aliyekuwa na akili alikuwa akizima mwanga wa vioo katikati ya zoezi na kusema, haya, tupeleke nyumbani. Wanafunzi waliokuwa wameanzia pale pale walimchukia kwa hilo.

Kero kubwa ya chuo ilikuwa foleni. Uwanja ulikuwa na mnara, ndege za abiria, na shule zaidi ya moja. Asubuhi yenye hali nzuri kila mtu anataka kuruka. Unawasha injini, unatembeza ndege, unasimama nyuma ya wengine kadhaa, na mbele yenu jeti inapewa nafasi kwanza, halafu mnangoja msukosuko wa hewa iliyouacha nyuma utulie. Muda wote huo mita inatembea.

Mita yenyewe inahitaji aya yake, maana haipo kwenye kipeperushi chochote. Kuna ndege ambazo malipo yake huhesabiwa kwa saa inayotembea wakati wote injini inapowaka, dakika kwa dakika. Kuna nyingine ambazo huhesabiwa kwa mita iliyofungwa kwenye mizunguko ya injini, ambayo injini ikiwa inanguruma polepole chini hutembea pole kuliko saa ya ukutani. Mzee alitumia ya pili. Chuo kilitumia ya kwanza. Ukilinganisha bei za saa za sehemu mbili bila kuuliza ni mita gani, umelinganisha vitu viwili tofauti. Na kinachouma zaidi ni kwamba, kwa kuwa muda wa kuruka huandikwa tangu ndege inapoanza kutembea kwa nia ya kupaa hadi inaposimama, dakika zile za foleni zinaingia kwenye kitabu chako kama uzoefu. Uzoefu wa kutazama mkia wa ndege iliyo mbele.

Kero ya pili: wakufunzi. Wengi walikuwa vijana waliomaliza pale pale juzi, wanafundisha ili wakusanye saa za kuwapeleka kwenye mashirika. Siwalaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Ila barua ya ajira ikija, anakuaga Ijumaa na Jumatatu una mwingine, ambaye anataka kwanza aone unavyoruka kabla hajaendelea. "Naomba tu nikuone kwenye mambo ya msingi, dada," ananiambia, kwa heshima kabisa. Kukuona huko ni somo zima, na unalilipia. Uliza kabla ya kusaini: mkufunzi wangu akiondoka, somo la kupimwa na mgeni linalipwa na nani? Ukimya utakaofuata utakueleza mengi.

Baada ya kusema hayo yote, kuna jambo ambalo Mzee asingeweza kunipa hata angetaka, nalo ni mafunzo ya vyombo. Hapo chuo kilistahili kila senti.

Simuleta yao, mashine ya kuiga urukaji ukiwa chini, ilikuwa chumba kidogo chenye giza, kiti, usukani, na mkufunzi nyuma yako mwenye kompyuta. Nilikuwa nashuka mawinguni nikifuata mawimbi ya redio yanayoelekeza ndege kwenye mstari wa njia na kwenye mteremko sahihi. Mistari miwili inakaa katikati ya kipimo ukiwa sawa. Kioo changu cha kushoto kikazimika. Nikahamia kwenye vipimo vya akiba, vidogo, nikaendelea, na nilijiona shujaa. Kisha kila kitu kikaganda.

"Uko umbali gani kutoka kwenye njia?" akauliza kutoka gizani.

Nikataja.

"Na kimo chako cha mwisho cha kuamua ni kipi?"

Nikataja, kwa sauti ndogo kidogo.

"Sasa angalia uko wapi."

Nilikuwa nimebakiza futi chache kufikia kimo ambacho, usipoona taa za njia, huna ruhusa ya kuendelea kushuka. Mikono ilikuwa inarusha vizuri na kichwa kilikuwa kimebaki nyuma. Akarudisha ndege juu, mbali, mahali pale pale nilipoanzia, kwa kubofya mara moja. Tukarudia. Tukarudia tena, mara hii upepo ukitoka upande mwingine, mara nyingine injini ikigoma. Kwenye ndege halisi zoezi hilo moja lingekula asubuhi nzima, na foleni juu yake. Viwango vya ICAO kwa kibali cha vyombo vinataka saa 40 za vyombo, na vinaruhusu sehemu kubwa ifanyike chini kwenye simuleta. Baada ya jioni ile nilielewa sababu.

Ukienda hewani na kizuizi cha macho, kile unachovaa usione nje, unachojifunza ni kitu kingine: sikio la ndani linadanganya. Ndege ikikata kona polepole kwa muda, maji ya sikioni hutulia na mwili unakuapia kwamba mnakwenda moja kwa moja. Ukiinyoosha, mwili unapiga kelele kwamba umepinda upande wa pili. Hilo simuleta isiyotikisika haikupi. Lazima ndege, na lazima mtu wa kuaminika kiti cha pembeni.

Madarasa ya nadharia nayo yalikuwa bora mara nyingi kuliko kujisomea. Kwa mfumo wa Ulaya, leseni ya juu ya rubani wa shirika ina mitihani ya masomo 13 na alama ya kufaulu ni asilimia 75 kwa kila moja. Mlima huo kuupanda peke yako baada ya kazi inawezekana, wapo walioupanda, lakini kuwa na kundi la watu wanaobishana kuhusu pepo za juu wakati wa mapumziko kunasaidia kuliko video yoyote. Chuo pia kilikuwa na ndege ya injini mbili, ambayo viwanja vidogo kwa kawaida havina. Zaidi ya yote kilinizoesha kazi ya watu wawili: mmoja anarusha, mwingine anasoma orodha ya ukaguzi na kumjibu kwa maneno yaliyopangwa, bila kubuni. Mzee alikuwa anarusha kama mtu mmoja mwenye mikono minne. Mashirika hayataki hivyo.

Chuo nakipa nyota tatu na nusu. Tano kamili kwa simuleta na darasa, mbili kwa jinsi kinavyoshika fedha.

Mfumo wa kawaida wa vyuo ni kulipa mafungu makubwa mbele, na baadhi hutaka yote. Hapo usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Ndege ni biashara ghali, faida yake nyembamba, na vyuo huanguka. Mwezi Februari 2008, Silver State Helicopters, shule kubwa ya helikopta yenye makao yake Nevada, ilifunga milango ghafla na kufilisika, ikawaacha zaidi ya wanafunzi 2,000 katikati ya mafunzo, wengi wao wakiwa wamechukua mikopo mikubwa ambayo fedha zake zilishalipwa shuleni. Mkopo haukufa pamoja na shule. Mimi nilikataa kulipa yote, nikadai nilipe kwa hatua, kila hatua baada ya kumaliza iliyotangulia. Walisema haiwezekani, kisha wakasema watamuuliza meneja, kisha ikawezekana. Kama ni wewe, hakikisha mkataba unasema fedha ambazo hazijatumika zinarudishwa ndani ya siku ngapi, na wapi zinatunzwa kwa sasa. Kwa Mzee nililipa kila tuliposhuka. Angekufa kesho yake, Mungu apishe mbali, ningekuwa sidai kitu.

Kuna watu ambao ushauri wangu wa kuanzia uwanja mdogo hauwahusu. Ukifadhiliwa na shirika la ndege, nenda wanakokupeleka na ushukuru. Kuna leseni ya rubani wa kikosi, yaani wa kurusha ndege akiwa mmoja wa marubani wawili, ambayo ICAO iliianzisha 2006, yenye saa zisizopungua 240, nyingi zikiwa kwenye simuleta, na hiyo haipatikani kwenye kona ya banda. Kijana asiye na kazi wala familia, mwenye fedha zote mkononi na anayetaka kumaliza haraka, chuo kitamfaa tangu mwanzo, mradi afike akijua kuuliza maswali. Kinyume chake, anayetaka kuruka kwa starehe mwisho wa wiki hana sababu hata moja ya kununua mikanda ya mabegani.

Kabla ya yote hayo, daktari. Kwa viwango vya ICAO, leseni binafsi inataka cheti cha afya cha daraja la pili, ya biashara daraja la kwanza. Anayetaka kuwa rubani wa kazi akapime la kwanza kabisa, macho, rangi, moyo, masikio, kabla hajamlipa mtu yeyote hata ya fomu. Chuoni nilimkuta kijana aliyelipa muhula mzima halafu akaambiwa macho yake hayatofautishi rangi kiasi kinachotakiwa. Mtu wa masoko aliyempokea hakuwa amemgusia jambo hilo.

Na ukitembelea sehemu yoyote kati ya hizi mbili, usitembelee Jumamosi ya maonyesho. Nenda siku ya kazi bila kutangaza. Tazama ubao wa ndege: ziko ngapi, na leo ngapi zinaruka. Chuo chenye ndege nyingi ambazo nusu yake zina alama nyekundu ni chuo chenye ndege nusu. Uliza mkufunzi mmoja ana wanafunzi wangapi. Halafu toka nje ya geti, wasubiri wanafunzi wanaotoka, waulize mara ya mwisho waliruka lini. Mimi nilifanya hivyo kwenye chuo kingine kabla ya kuchagua hiki. Wa kwanza alicheka. Wa pili aliniuliza kama nataka kununua vitabu vyake.

Ukihama kutoka kwa mwalimu kwenda chuo, kama mimi, beba kitabu chako cha saa kilichojumlishwa na kusainiwa kila ukurasa, ile orodha ya masomo, na nakala za mitihani ya nadharia. Chuo kitataka kukupima. Hilo ni haki yao, na kwangu lilikuwa ni kuruka mara moja na mkufunzi mkuu. Alinipeleka juu, akanitaka nipunguze mwendo hadi king'ora kilie, nirejeshe, kisha nitue kwenye upepo wa pembeni. Tuliposhuka aliniuliza nani alinifundisha kutumia miguu, yaani pedali za usukani wa mkia. Nikamtaja Mzee. Akasema anamfahamu, akaniwekea saini niingie moja kwa moja kwenye hatua ya vyombo.